Kabla ya Kwenda Ofisini, Ingia Stoo: Mwongozo wa Usalama wa Kemikali kwa Biashara Ndogo na za Kati Uganda

Ukiingia katika karakana ya sabuni ya maji hapa Busia, upande wa Uganda, ukauliza kilichomo ndani ya jerikeni ya manjano iliyo pembeni, mara nyingi utajibiwa, "Hiyo ni ile kali." Ya pili yake ni "ile ya povu," na ya tatu ni "ile ya harufu." Kwa watu watatu wanaofanya kazi pamoja kila siku majina hayo yanatosha, mpaka siku ambayo mmoja wao hayupo, au jerikeni mbili zimefanana, au mtu ameingia akiwa na kiu. Mimi nimo katika kazi hii, na kuna siku nilitia mabaki ya maji ya kostiki soda katika chupa tupu ya maji ya kunywa ili nisiyapoteze, nikaiweka dirishani. Kijana wangu wa kazi aliichukua, akafungua kizibo, kisha akasita na kuniuliza, "Mzee, maji haya mbona ya moto?" Kostiki inapoyeyuka katika maji hutoa joto jingi, na ile ilikuwa imeyeyushwa muda si mrefu. Joto lile ndilo lililomwokoa koo na tumbo. Ingekuwa jioni, chupa ingekuwa imepoa.

Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya wenye biashara za namna hiyo: watengenezaji wa sabuni, dawa za kusafishia vyoo, rangi, vipodozi na vitakasa mikono, wauzaji wa dawa za kilimo, wenye saluni, wachovyaji wa vyuma na watengenezaji wa betri za magari. Kwa mujibu wa sera ya serikali ya mwaka 2015, biashara ya watu wasiozidi 4 ni ndogo kabisa, ya watu 5 hadi 49 ni ndogo, na ya watu 50 hadi 100 ni ya kati. Wengi wetu tumo katika makundi mawili ya kwanza, na wengi wetu tumezoea kuifikiria sheria ya kemikali kama jambo la viwanda vikubwa vya Jinja na Namanve. Fikra hiyo ina gharama. Sheria haikuwekewa mpaka wa ukubwa katika mambo ya msingi, na karibu kila inachokidai huanza na swali lile lile la jerikeni ya manjano: ndani mna nini?

Hatua ya kwanza: andika kila kilichomo stooni

Watu wengi huanza kwa kutafuta leseni. Nashauri uanze kwa kalamu na daftari, kwa sababu hakuna ofisi itakayoweza kukuambia unahitaji kibali gani kabla hujaweza kusema una kemikali gani, kiasi gani na za nini. Chagua siku ambayo kazi ni chache, toa vyombo vyote nje, vikiwemo vile vya chini ya meza na vile vilivyoachwa na mpangaji aliyekutangulia, kisha viandike kimoja kimoja.

Katika kila mstari andika jina la kemikali kama linavyosomeka kwenye kifungashio, jina mnaloliita nyinyi kazini, kiasi kilichopo, aliyekuuzia, tarehe uliyonunua na tarehe ya mwisho ya matumizi ikiwa ipo. Jina la kazini lisidharauliwe. Mfanyakazi anayejua "ile kali" anatakiwa aione "ile kali" katika daftari, mkabala na kostiki soda, ili siku ya ajali asilazimike kukumbuka jina ambalo hajawahi kulitamka.

Utakuta vyombo visivyojulikana. Kila karakana ninayoijua inavyo. Usivinuse, usionje, wala usimwage kilichomo ili "kupunguza mizigo." Viweke peke yake mahali penye hewa, viandike "Haijulikani, usiguse," na umuulize aliyekuuzia. Kama aliyekuuzia naye hajui, chombo hicho ni taka hatari na kitashughulikiwa katika hatua ya taka huko mbele.

Hatua ya pili: dai karatasi ya usalama kwa aliyekuuzia

Kila kemikali ya viwandani inayouzwa kihalali ina karatasi ya usalama inayoandaliwa na mtengenezaji. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha na kuweka lebo kemikali, unaosimamiwa na Umoja wa Mataifa, karatasi hiyo ina sehemu 16 zinazofuatana kwa mpangilio uleule duniani kote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2006 inamtaka muuzaji aitoe, na inamtaka mwajiri aifanye ipatikane kwa wafanyakazi wake.

Ukifika Kikuubo, Kampala, kununua ungarol (kemikali ya povu), asidi ya salfoniki au kostiki, omba karatasi hiyo kabla ya kulipa. Wauzaji wengine watakushangaa. Wengine watasema haipo, kwa sababu bidhaa imepimwa kutoka pipa kubwa na kutiwa katika mifuko ya kilo moja moja, na karatasi imebaki kwa mwagizaji. Hapo usikubali haraka. Pipa lilikuwa na jina la kampuni iliyolitengeneza, na muuzaji anaweza kupiga picha ya lebo ya pipa hilo na kukutumia kwa simu. Kwa jina la kampuni na jina la kemikali, karatasi ya usalama hupatikana mtandaoni bila malipo. Muuzaji ambaye hataki hata pipa lipigwe picha, mimi binafsi simnunui tena, hata kama bei yake ni ya chini, kwa kuwa kemikali isiyojulikana kiwango chake hunitoa katika kipimo cha sabuni kila mara na kunigharimu zaidi ya nilichookoa.

Sehemu zote 16 zina kazi yake, lakini mwenye karakana ndogo asome kwanza sehemu ya 2 inayotaja hatari, ya 4 ya huduma ya kwanza, ya 7 ya kutunza na kushika, ya 8 ya vifaa vya kinga, na ya 10 inayotaja vitu ambavyo kemikali hiyo haipaswi kukutana navyo. Sehemu ya 10 ndiyo isiyosomwa sana, na ndiyo iliyo na majibu ya ajali nyingi za karakana zetu. Humo utasoma, kwa mfano, kwamba hipokloriti ya sodiamu, ambayo watu wengi huiita jiki, ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Dawa nyingi za kusafishia vyoo ni asidi. Mtu anayetengeneza zote mbili katika chumba kimoja, akitumia ndoo moja na mwiko mmoja, anaweza kuitengeneza gesi hiyo bila kukusudia.

Karatasi hizo karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Nimeona faida kubwa kuandika nusu ukurasa kwa Kiswahili kwa kila kemikali, au kwa Luganda, Lugbara au Lusamia kutegemea wafanyakazi: hatari ni ipi, vaa nini, isikutane na nini, ikimwagikia ngozi au jicho fanya nini. Kazi hiyo ni ya alasiri moja kwa kemikali kumi.

Hatua ya tatu: weka lebo, hasa pale unapohamisha

Kifungashio cha asili huja na lebo yake, na hiyo isibanduliwe. Shida yetu iko katika chombo cha pili, yaani ndoo, chupa au jerikeni tunayomiminia. Wajibu wa mwajiri ni kuhakikisha kwamba kemikali inapohamishiwa chombo kingine, chombo hicho nacho kinaonyesha kilichomo, hatari yake na tahadhari. Karatasi ya kubandika hulowa na kudondoka kwa siku tatu katika karakana ya sabuni, kwa hiyo tumia rangi ya mafuta na brashi ndogo, au kalamu ya wino usiofutika juu ya utepe mpana.

Alama za kimataifa za hatari ni 9, kila moja ikiwa katika umbo la almasi lenye ukingo mwekundu. Wafundishe watu wako angalau nne: mwali wa moto, tone linalounguza mkono na chuma, fuvu la kichwa, na alama ya mshangao. Kwa dawa za kilimo kuna pia mkanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu kwa zenye sumu kali zaidi, kisha manjano, buluu na kijani. Mkulima asiyesoma anaweza kuelewa mkanda huo akielezwa mara moja.

Kuhusu chupa za maji ya kunywa na za soda nimeshasimulia kwa nini nazikataza. Katika karakana yangu ni marufuku kutia kemikali ya aina yoyote katika chombo kilichowahi kubeba kitu cha kunywa, na marufuku hiyo inanihusu mimi kwanza.

Hatua ya nne: jua ni ofisi ipi inakuhusu

Sasa daftari lako lina majibu, na ndipo inafaa kuzungumza na ofisi. Nitazitaja kwa ufupi, kwa sababu mambo mengi hutegemea unachofanya.

Idara ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ndiyo inayosajili mahali pa kazi. Sheria ya mwaka 2006 inakutaka umjulishe Kamishna wa idara hiyo angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza kutumia jengo kama mahali pa kazi. Wengi hawajui hilo na huanza kazi kwanza. Aliyekwisha kuanza na ajisajili sasa, kabla ajali haijamsajili.

Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, hufanya kazi chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, ambayo ina masharti kuhusu kemikali hatari, maji machafu na taka. Chini yake kuna kanuni za mwaka 2020 za usimamizi wa taka na za tathmini ya mazingira na jamii. Mradi mdogo kwa kawaida huandikiwa muhtasari wa mradi, na mradi mkubwa hufanyiwa tathmini kamili. Ongea na ofisa mazingira wa wilaya kabla ya kulipa mshauri yeyote, maana yeye atakuambia mradi wako umo katika kundi lipi.

Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ndilo la viwango vya bidhaa na alama ya ubora. Wizara ya Kilimo, kupitia idara yake ya ukaguzi wa mazao iliyoko Entebbe, husimamia Sheria ya Udhibiti wa Kemikali za Kilimo ya mwaka 2006. Halmashauri ya wilaya au mji, na mamlaka ya jiji, KCCA, kwa Kampala, hutoa leseni ya biashara, na jina la biashara husajiliwa katika Ofisi ya Huduma za Usajili.

Iko pia Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Kemikali za Sumu ya mwaka 2015, iliyotungwa kutekeleza mkataba wa kimataifa unaokataza silaha za kemikali. Mwenye karakana ndogo huiona kama jambo la mbali, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Hata hivyo traiethanolamini, inayotumiwa katika losheni na sabuni nyingi, imo katika orodha ya tatu ya mkataba huo. Kiasi kinacholazimisha taarifa ya uzalishaji katika orodha hiyo ni tani 30 kwa mwaka, kwa hiyo mtu anayenunua lita chache za kutengenezea losheni hana sababu ya kuogopa. Ana sababu tu ya kutunza risiti na kuweza kueleza ameitumia wapi.

Jambo dogo la kuzingatia unaposoma sheria hizi: toleo jipya la sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na namba za sura na vifungu zimebadilika. Mtu akikutajia kifungu kwa namba, muulize anatumia toleo lipi.

Hatua ya tano: panga stoo na mahali pa kuchanganyia

Hapa ndipo usalama wenyewe ulipo, na gharama yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya karatasi zote.

Tenga asidi mbali na kostiki, na zote mbili mbali na hipokloriti. Kama chumba ni kimoja, tumia pembe tatu tofauti na uweke kila kundi ndani ya karai au trei yenye kingo, ili kikivuja kimoja kisitambae mpaka kwa kingine. Vimiminika vikali viwekwe chini ya usawa wa kiuno. Hakuna sababu ya kuinua jerikeni ya asidi juu ya kichwa. Vinavyowaka, kama spiriti ya kutengenezea vitakasa mikono na vimumunyisho vya rangi, vikae chumba kingine kisicho na jiko la mkaa, cheche za umeme wala mtu anayevuta sigara. Mvuke wa spiriti yenye nguvu ya asilimia 70 unaweza kushika moto hata hewa ikiwa chini ya nyuzi 20, na Busia mchana haishuki hapo.

Unapoyeyusha kostiki, maji yatangulie ndani ya pipa, kisha kostiki itiwe kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukiimwagia maji kostiki iliyo chini ya ndoo, tabaka la juu huchemka ghafla na kukurukia usoni. Kwa asidi kanuni ni hiyo hiyo: asidi ndani ya maji, kamwe si kinyume chake. Na chombo chenyewe kisiwe cha alumini. Nimeona sufuria za alumini zikitumiwa kwa sababu ndizo zilizopo jikoni, lakini kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto. Sufuria inayotoa mapovu na kugeuka nyeusi ndani ya dakika chache inakuambia tayari kuna gesi chumbani. Tumia plastiki nzito inayostahimili joto au chuma kisichoshika kutu, na subiri mchanganyiko upoe kabla ya kuendelea.

Dirisha moja halitoshi. Hewa inahitaji mahali pa kuingilia na pa kutokea, kwa hiyo toboa ukuta wa pili hata kama ni kwa matofali ya matundu.

Hatua ya sita: wafanyakazi

Vifaa vya kinga ni gharama ya mwajiri. Usimkate mfanyakazi mshahara kwa ajili ya glavu, wala usimwambie aje na gambuti zake. Kwa kazi ya sabuni na dawa za vyoo, kiwango cha chini ni glavu nzito za mpira zinazofika karibu na kiwiko, miwani ya kinga inayofunga pembeni, aproni ya plastiki na gambuti. Glavu nyembamba za hospitali hazifai kwa kostiki. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa asidi. Inampa mtu matumaini tu, na matumaini hayo humfanya akae karibu zaidi na pipa.

Maji ya kuosha macho ndiyo ninayoyatilia mkazo kuliko kifaa kingine chochote. Jicho lililoingiwa na kostiki linapaswa kuoshwa papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa zimefunguliwa, kabla ya safari ya kwenda kituo cha afya. Fanya hesabu: mtiririko mwepesi wa lita moja na nusu kwa dakika, kwa dakika 15, ni zaidi ya lita 22. Kwa hiyo jerikeni moja ya lita 20 yenye bomba haitoshi. Weka mbili, kwenye meza imara kwa usawa wa kifua, hatua chache kutoka mahali pa kuchanganyia, na ubadilishe maji yake mara kwa mara. Mwenye bomba la maji ya mji asitegemee bomba pekee, kwa kuwa maji hukatika. Mtu aliyemeza kostiki au asidi asitapishwe; asukutue mdomo na apelekwe hospitali pamoja na lebo au karatasi ya kemikali hiyo.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inadai sera ya usalama iliyoandikwa na kamati ya usalama na afya. Wenye watu 5 au 6 hawadaiwi kamati, lakini mtu mmoja akabidhiwe jukumu hilo kwa jina na watu wote wajue ni nani. Ajali ziandikwe, na zile kubwa ziripotiwe kwa Kamishna. Chini ya sheria ya fidia kwa wafanyakazi, mwajiri hulipa fidia ya aliyeumia kazini na anapaswa kuwa na bima kwa ajili hiyo. Karakana nyingi hazina. Mtu mmoja akipoteza jicho, fidia yake inaweza kufunga biashara ambayo bima ingeiacha wazi.

Mfanyakazi anayeona hatari ya dhahiri kwa maisha yake ana haki ya kuondoka mahali hapo bila kuadhibiwa. Mwambie haki hiyo wewe mwenyewe, siku ya kwanza ya kazi.

Hatua ya saba: bidhaa inayotoka mlangoni

Anayetengeneza bidhaa inayoguswa na kiwango cha lazima anahitaji alama ya ubora ya UNBS, ile yenye herufi Q. Utaratibu wake ni maombi, ukaguzi wa karakana, sampuli kupimwa maabara, kisha kibali. Ukweli ambao mwenye biashara ndogo huuhisi zaidi ni kwamba ada ya kupima haijali ukubwa wa pipa: anayetengeneza lita 200 kwa wiki na anayetengeneza lita 20,000 hupima sampuli ya chupa ile ile. Huo ndio mzigo halisi wa kanuni hizi kwetu, na naona ni haki kuusema waziwazi kwa serikali kupitia vyama vyetu.

Njia ya kuupunguza ni kupunguza idadi ya bidhaa. Badala ya kuombea alama sabuni ya maji, dawa ya vyoo, jiki na losheni kwa pamoja, anza na moja inayouzwa zaidi, uipitishe, kisha faida yake ilipie ya pili. Kwa sisi wa mpakani kuna malipo mengine: viwango vya bidhaa nyingi vimeoanishwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na chini ya sheria ya jumuiya hiyo ya mwaka 2006 alama ya nchi mwanachama inapaswa kutambuliwa na nchi nyingine. Mzigo wenye alama huvuka Busia au Malaba kwa maswali machache kuliko usio nayo.

Lebo ya chupa yako iwe na jina na anwani ya mtengenezaji, ujazo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, viambato, maelezo ya matumizi na tahadhari. Namba ya toleo iandikwe pia katika daftari la uzalishaji, maana malalamiko yakija utaweza kurudisha katoni kumi za toleo moja badala ya mzigo mzima.

Wenye vipodozi waangalie jambo moja kabla ya yote: krimu zenye zebaki au haidrokwinoni haziruhusiwi kuuzwa nchini. Mteja atazitaka, na msambazaji atasema "za Kongo hazina shida." Zebaki huharibu figo za anayepaka, na madhara yake humfikia mtoto aliye tumboni.

Hatua ya nane: maji machafu na vyombo vitupu

Mfereji wa Nakivubo unaopita katikati ya Kampala huishia katika Ghuba ya Murchison ya ndani, na sehemu ya maji ya kunywa ya mji huo huvutwa kutoka ghuba hiyo hiyo pale Ggaba. Kinachomwagwa mferejini nyuma ya karakana hakipotei.

Kwa mtengenezaji wa sabuni, sehemu kubwa ya maji machafu ni ya kusuuzia mapipa. Yatunze katika pipa lenye lebo na uyatumie kama sehemu ya maji ya toleo linalofuata la bidhaa hiyo hiyo. Hapo umeokoa maji, umeokoa kemikali, na umepunguza unachomwaga. Yanayobaki yasitiririshwe ardhini au mtoni bila kibali. Anayetumia bomba la maji taka la Shirika la Taifa la Maji azungumze nalo kwanza.

Taka hatari, zikiwemo asidi ya betri, mabaki ya vimumunyisho na vile vyombo visivyojulikana, huchukuliwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA. Kumwita kwa ajili ya jerikeni mbili ni ghali sana. Karakana sita au saba za mtaa mmoja zikijipanga kumwita mara moja kwa miezi kadhaa, kila moja hulipa kidogo. Wakati wa kusubiri, taka zitunzwe zimefungwa, zina lebo na ziko chini ya paa.

Neno la pekee kwa wauzaji wa dawa za kilimo

Duka na muuzaji vyote vinahitaji kusajiliwa na Wizara ya Kilimo, na muuzaji anatarajiwa awe amepata mafunzo ya matumizi salama ya dawa. Sheria inakataza kuuza dawa isiyosajiliwa, iliyoghushiwa, au iliyofungwa na kuwekewa lebo kinyume cha masharti. Kupima dawa ya magugu kwa kizibo na kumtilia mkulima katika chupa ya soda kunavunja masharti hayo ya kufunga na ya lebo kwa pigo moja. Najua kwa nini hufanyika: mkulima ana shilingi za robo eka tu. Suluhisho lake ni kuagiza vifungashio vidogo vya kiwandani, ambavyo kwa dawa nyingi vipo pale Container Village, Kampala, na kwa wasambazaji wengine.

Dawa zisikae duka moja na unga, mbegu za kula au maziwa. Vyombo vitupu visuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie katika bomba la kupulizia, kisha chombo kitobolewe ili asipatikane wa kukichotea maji. Mkulima anayeuza mboga Ulaya aambiwe pia muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Pale ambapo Umoja wa Ulaya haukuweka kiwango maalumu cha mabaki, kiwango ni miligramu 0.01 kwa kilo, na mzigo mzima unaweza kurudishwa kwa sababu ya muuzaji aliyenyamaza dukani.

Mkaguzi anapofika

Mpe kiti, mwombe kitambulisho, kisha umpe daftari la hatua ya kwanza. Atakachokitazama baada ya hapo ni kama daftari na stoo vinasema jambo moja. Kasoro akizikuta, mwombe aziandike pamoja na muda wa kurekebisha, na umjulishe kwa maandishi utakapomaliza. Malipo yoyote yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali na risiti itunzwe.

Wakaguzi wazuri hawamuulizi mwenye mali. Wanamwendea kijana aliye kwenye pipa, wananyoosha kidole kwenye jerikeni ya manjano na kumuuliza ndani mna nini, na akimwagikiwa atafanya nini. Ndiyo maana daftari langu sasa limefungwa kwa kamba mlangoni mwa stoo, kurasa zake zimetiwa ndani ya plastiki, na kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha mashine, mmoja wa wafanyakazi hulisoma kwa sauti mbele ya vyombo, huku mwingine akikagua lebo na maji ya macho. Chombo kipya kikiingia katikati ya wiki, hakivuki mlango huo mpaka mstari wake umeandikwa.